Gichuru Maina na Ugonjwa wa Kwao

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Gatuanyaga na wa Ruiru, walimu waliofundisha na marehemu, wanafunzi wake mliokuja na basi la chuo, jamaa na marafiki, familia inawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kufika. Historia hii inasomwa na Muasya, ndugu ya Kaluki, mke wa marehemu, na kama kuna anayejiuliza kwa nini Mkamba ndiye anayesoma habari za nyumba ya Wakikuyu, jibu ni kwamba wa damu walioombwa walikataa, na sababu zao mtazielewa kabla hatujafika kaburini. Katika karatasi mlizopewa mlangoni pameandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Ni kweli, lakini sivyo alivyotaka isemwe. Alipokuwa bado anaweza kutamka, alimwomba mkewe jambo moja tu kuhusu siku hii ya leo, kwamba ugonjwa wake utajwe kwa jina mbele ya watu, na isemwe pia kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili kuambiwa mapema, kabla hajaolewa na kabla hajazaa, na hakuambiwa. Mtu huyo ni Wangechi, mtoto wake wa pekee, ambaye ameketi hapa mbele na mtoto wake mapajani. Ugonjwa wenyewe unaitwa Huntington, hurithiwa kutoka kwa mzazi, huula ubongo polepole, na hauna dawa.

Daktari Gichuru wa Maina alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 hapa Gatuanyaga, nje kidogo ya mji wa Thika, mtoto wa kwanza wa Mzee Maina wa Gachau na mkewe, aliyeitwa pia Wangechi, ambao wote wametangulia, akafuatwa na dada yake mmoja, Njambi, ambaye tuko naye. Wanaojua mila za Wakikuyu wameshaona kasoro. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, ili yule mzee arudi nyumbani, kwa hiyo huyu alistahili kuitwa Gachau, lakini akaitwa Gichuru, jina la baba ya mama yake, ambalo kwa utaratibu lingemngojea mtoto wa pili. Haikuwa kusahau. Guka Gachau, yaani babu huyo, aliyekuwa akipogoa mibuni katika shamba moja la walowezi karibu na Ruiru, alipopita miaka arobaini alianza kucheza bila ngoma, mabega yakimruka, vidole vikichezacheza, miguu ikimpeleka asikotaka, kisha akawa mkali kwa watu aliowapenda, kisha akashindwa kumeza, na mwaka 1958 akafa. Wazee walikaa, wakashauriana, wakaamua kwamba jina lake lisirudishwe, maana jina likibaki kaburini na ugonjwa nao utabaki huko. Walikuwa watu wenye akili timamu, walimpenda mtoto yule, na hiyo ndiyo dawa pekee waliyokuwa nayo. Wakamnyima mzee wao nafasi ya kurudi, jambo zito sana kwa Mkikuyu, na halikusaidia chochote.

Marehemu alianza masomo yake mwaka 1973 katika shule ya msingi ya hapa jirani, akaendelea na sekondari mjini Thika kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, na walimu wake wa wakati huo, wachache waliobaki, wanasema alikuwa mpole, mwepisi wa hesabu, na mtu wa kuuliza maswali yasiyokuwa kwenye mtihani. Lakini elimu iliyomshika zaidi hakuipata darasani. Baba yake, Mzee Maina, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini Thika na alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata harusini alikunywa maji. Mwaka 1977 kijiko kilianza kumwanguka mkononi. Mwaka uliofuata alianza kuyumba njiani, akitoka kazini mchana kweupe, na watoto wa kijiji wakawa wanamfuata nyuma wakiiga mwendo wake. Kiwandani wakamwachisha kazi. Wazee wenzake wa kanisa wakamwita, wakamuuliza anakunywa wapi, naye akajaribu kujitetea, lakini ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, maneno yakatoka yameburutwa, na hayo maneno ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Mwezi wa Juni 1979 aliondolewa kwenye meza ya Bwana kwa kosa la ulevi. Hakuacha kwenda kanisani, alikaa benchi la nyuma kabisa kila Jumapili, mkate ukipita mbele yake kwenda kwa wengine, na marehemu alikaa kando yake amemshika kiganja ili kisipige kiti. Mzee Maina alifariki tarehe 2 Novemba 1988 bila kurudishwa mezani. Mchungaji wetu wa sasa alikuwa bado mtoto wakati huo, hana lawama, na tunamshukuru kwa kukubali jambo hili lisomwe wazi, kwamba Mzee Maina wa Gachau hakuwa mlevi, hakuwahi kuionja pombe, alikuwa mgonjwa.

Marehemu alijiunga na chuo kikuu mwaka 1987, akasomea elimu ya wanyama, akapata shahada ya kwanza mwaka 1990, ya pili mwaka 1993, na ya uzamivu mwaka 2001, na kuanzia mwaka 1994 alikuwa mhadhiri, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipomkatalia. Wengi wenu mlimfahamu kwa kile kiumbe chake. Kinaitwa amfioksi, kina urefu wa kidole, kinaishi kimejizika katika mchanga wa bahari, na marehemu alikuwa akiletewa kutoka pwani kikiwa ndani ya chupa za dawa, akikitazama kwa hadubini kwa upendo ambao dada yangu Kaluki alisema wazi hajawahi kutazamwa nao. Kila mwaka wanafunzi wapya walimuuliza swali lilelile, "Doki, kwani huyu msee hana kichwa?", naye kila mwaka alicheka kama analisikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa akiwaambia kwamba swali hilo ndilo kazi yake yote. Kiumbe yule ana uzi wa neva uliopita mgongoni kama wetu, lakini mbele pale ambapo sisi tuna ubongo, yeye ana kiuvimbe tu, na bado maagizo mengi yanayomjenga ndiyo yanayotujenga sisi, jeni kwa jeni, kwa mpangilio unaofanana. Basi sisi ubongo tuliutoa wapi?

Alilijibu kwa mfano alioupata dukani kwa mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Fundi mwenye paterni moja, ile karatasi ya kukatia nguo, alisema, hathubutu kuigusa kwa mkasi, maana akiiharibu kazi imekwisha, lakini akiwa na nakala ya pili, hiyo ya pili anaweza kuichezea, akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka siku moja atoe vazi ambalo halijawahi kuvaliwa na mtu. Wazee wetu wa zamani sana, wa kabla hata ya samaki tunaowajua, walirudufu maagizo yao yote, kwa makosa tu, na wataalamu wanaamini kosa hilo lilitokea zaidi ya mara moja, na zile nakala za ziada, zikiwa hazina kazi, ndizo zilizopata nafasi ya kujaribu mambo mapya, na katika mambo hayo mapya kimo kichwa. Alipenda kumaliza somo kwa kusema, "Sisi wote ni watoto wa makosa yaliyofaulu." Darasa lilicheka, naye pia alicheka, miaka hiyo.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Kaluki, binti wa nyumba yetu, kanisani hapa Thika. Baba yetu hakufurahia mwanzoni, alisema mwanamume anayechunguza minyoo atalisha watu nini, lakini alipomwona namna anavyomsikiliza Kaluki akizungumza, bila kumkatiza, akanyamaza, na kwa baba yetu kunyamaza kulikuwa ni kubariki. Walipanga nyumba Mwihoko, chumba na sebule, Kaluki akafungua duka lake la ushonaji Witeithie, na mwaka 2002 walihamia nyumba yao wenyewe Ruiru, ambako wengi wenu mmeshakula. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Wangechi, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1996 na kupewa jina la mama ya baba yake kama mila inavyotaka. Marehemu alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Tunalisema hivyo makusudi, kwa sababu lililofuata lilitokana na upendo huo na si na kitu kingine.

Mwaka 2004, akifuatilia jeni moja ya kale katika kiumbe chake, jeni ambayo iko kwetu na iko kwake, alisoma kwamba ndani yake mna kipande kifupi kinachojirudia, na kwamba kadiri wanyama wanavyozidi kuwa na neva nyingi na ubongo mkubwa, ndivyo kipande hicho kilivyoonekana kuongezeka, mpaka kwa binadamu ambako kinajirudia zaidi kuliko kwa wengi. Jambo hilo lilimfurahisha, akaliona kama mlango. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, akasoma kwamba kwa watu wengine kipande hicho hujirudia kupita mpaka, nao wakishafika utu uzima hufa ubongo wakiwa hai, na mwandishi alieleza namna mabega yanavyoanza kuruka, namna vidole vinavyochezacheza, namna mgonjwa anavyodhaniwa amelewa. Alikuwa ameketi maktaba ya chuo, saa tano asubuhi, wanafunzi wamemzunguka. Alimwambia Kaluki baadaye kwamba alimwona baba yake pale kwenye ukurasa, anatembea. Ugonjwa wa kwao, ambao wazee walidhani wameuzika na jina, ulikuwa umekaa ndani ya jeni ileile aliyokuwa akiisoma kwa raha.

Alitoa damu ikapelekwa kupimwa nje ya nchi, na mwezi wa Agosti mwaka huo majibu yakaja kwamba anao. Kaluki anakumbuka kwamba aliingia dukani, akavuta kigoda, akasubiri mteja aondoke na sketi yake, ndipo akasema. Akaeleza kwamba mzazi mwenye ugonjwa huu humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu, kama sarafu iliyorushwa juu, kwamba Njambi dada yake naye alirushiwa sarafu hiyo, na Wangechi, aliyekuwa na miaka minane na alikuwa nje akiruka kamba, sarafu yake ilikuwa imeshaanguka kabla hajazaliwa, ila hakuna aliyeitazama. Kaluki alimuuliza jambo moja tu, "Utamwambia lini?" Akajibu, "Akiwa mkubwa."

Siku hiyo waliamua kutozaa tena, na uamuzi huo waliubeba wawili. Cucu, yaani bibi Wangechi, mama wa marehemu, hakuambiwa sababu. Alichojua ni kwamba mwanawe hana mtoto wa kiume, kwamba Maina hajarudi nyumbani, kwamba mumewe aliyeonewa akiwa hai sasa anaachwa nje hata baada ya kufa, na kila Krismasi alilisema hilo mbele ya watu, akimwangalia Kaluki kama yeye ndiye aliyefunga mlango. Cucu alifariki mwaka 2011 akiamini hivyo. Dada yangu alivumilia, hakujibu, na leo ni haki yake kusemewa kwamba kosa halikuwa lake. Njambi naye aliambiwa mwaka uleule wa 2004, akamkata kaka yake kauli, akasema hataki kujua na asitajiwe tena, na amekaa hivyo mpaka leo. Hatumlaumu, kila mtu ana namna yake ya kubeba mzigo, na kuna siku hata aliyeujua alimwonea wivu asiyeujua.

Lakini habari ya Wangechi ilikuwa nyingine, maana ahadi ilikuwa imetolewa. Alipofika miaka kumi na minane, mwaka 2014, baba yake alisema amalize mtihani kwanza, asije akaanguka. Alipoingia chuo akasema azoee kwanza. Alipomaliza akasema apate kazi kwanza, na alipopata kazi Nairobi akasema mtoto amechoka, anakuja nyumbani Jumapili moja tu kwa mwezi, tutamharibiaje hiyo Jumapili. Kaluki alimwambia, "Baba Wangechi, wewe unasomesha watu mia mbili ukumbini habari za miaka milioni mia tano, na mtu mmoja hapa jikoni humwezi?" Mganga hajigangi. Alikuwa akiinuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni ambako binti yake anaosha vyombo, akasimama, akamuuliza kama anataka chai. Kaluki naye angeweza kusema, na hakusema, kwa sababu alimwahidi kwamba atamwachia yeye mwenyewe, na ahadi hiyo ndiyo anayolala nayo sasa.

Mwaka huohuo wa 2014 chaki ilianza kumwanguka mkononi. Alijua tangu ya kwanza. Mwaka 2016 alikuwa akiyumba mbele ya darasa, na mwanafunzi mmoja akamrekodi kwa simu, video ikasambaa Juja nzima, kiliko chuo, mhadhiri amelewa saa mbili asubuhi, watu wakacheka sana. Mkuu wa idara alimwita, marehemu akamweleza ukweli, na kwa heshima tunasema kwamba wenzake walimsimamia, wakampunguzia vipindi, wakamfichia aibu, mpaka alipostaafu tarehe 31 Agosti 2018. Kwa Wangechi alisema ni mishipa. Binti yake alimpeleka kwa daktari wa mgongo, akamnunulia mafuta ya kukanda, akamkanda mwenyewe kila alipokuja, na baba akakubali kukandwa.

Wangechi alipata mchumba, Dismas, kijana wa watu wema kutoka Machakos, na tarehe 11 Desemba 2021 ikafanyika ruracio, sherehe ya mahari, nyumbani Ruiru. Marehemu alikuwa ameamua kwamba siku hiyo haitapita. Alitaka kumwambia asubuhi, kabla wageni hawajafika, lakini nyumba ilijaa mashangazi, Wangechi amekalishwa akisukwa, kila akikaribia mlango anafukuzwa kwa vicheko, mzee, haya ni mambo ya wanawake. Ikabaki nafasi moja. Mlio nayo mila hiyo mnajua kwamba baba wa binti hupewa muratina, pombe ya kienyeji, katika pembe, na hawezi kuinywa kabla ya kumuuliza bintiye mbele ya pande zote mbili, je, nikinywa hii nitakuwa sijakosea, na binti akisema kunywa, basi amekubali kuolewa. Marehemu alisimama na pembe mkononi. Badala ya kuuliza, alianza kumwambia. Alisema, "Wangechi, ngoja, usiseme kitu kwanza," na hilo lilisikika, lakini yaliyofuata hayakusikika, ulimi ulijifunga, mkono ukaruka, muratina ikamwagika kifuani kwake na kwenye mkeka mbele ya wakwe.

Mzee mmoja wa upande wa pili akasema kwa utani, "Baba ya bibi arusi ameanza mapema," na hema lote likacheka, cheko la watu wenye furaha lisilo na ubaya wowote. Marehemu alijaribu tena, akarudia jina la bintiye, na kadiri alivyojitahidi ndivyo mwili ulivyozidi kucheza, na kadiri ulivyozidi kucheza ndivyo walivyozidi kuamini. Msemaji wa ukoo, ili kuokoa jahazi, alimshika taratibu akamketisha, akajaza pembe upya, akamuuliza Wangechi kwa niaba ya baba yake. Wangechi akasema ndiyo. Wanawake wakapiga vigelegele. Marehemu alikuwa ameinamisha kichwa, analia, na watu wakasema ona namna baba anavyompenda mtoto.

Wangechi na Dismas walijaliwa mtoto wa kike tarehe 30 Oktoba 2022, akaitwa Nzisa, jina la mama yake Dismas. Mwezi wa Machi 2023 Wangechi alimpeleka baba yake kliniki, kwa sababu Kaluki alikuwa na homa, na alimbeba mtoto mgongoni kwa kuwa alikuwa bado ananyonya. Daktari, ambaye alimtibu marehemu kwa miaka mingi na hakuwa na namna ya kujua kwamba binti hajui, alimtazama yule mtoto, akauliza kwa upole, "Na nyinyi mmeshapimwa?" Wangechi akauliza kupimwa nini. Hivyo ndivyo alivyojua, akiwa amesimama, na baba yake kwenye kiti cha magurudumu kati yao, anasikia kila neno.

Hakupiga kelele. Alimleta nyumbani, akamwosha, akamlisha uji, kisha akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamuuliza, "Baba, ulijua kabla sijamzaa?" Wakati huo marehemu alikuwa hatamki tena, ila akili ilikuwepo, na alijibu kwa kutikisa kichwa. Lakini kichwa chake kilikuwa kikitikisika siku nzima, mbele, nyuma, upande, chenyewe, bila yeye kutaka, na Wangechi akakaa pale akikitazama, akishindwa kujua ni mtikiso upi uliokuwa jibu. Alimuuliza mara nyingi. Mwishowe Kaluki ndiye aliyejibu kutoka kitandani kwake, "Alijua." Kwa miezi minne Wangechi hakukanyaga Ruiru. Aliporudi alirudi kumwosha, akawa anakuja kila Jumamosi kumwosha na kumnyoa ndevu, kazi ngumu kwa uso usiotulia, na hakumkata hata siku moja. Kama alimsamehe hakusema, na familia haitasema kwa niaba yake.

Kuanzia mwaka 2024 marehemu alikuwa mtu wa kitandani, alikonda, akawa analishwa kwa mpira, na tarehe 9 Oktoba mwaka huu wa 2025 chakula kiliingia mapafuni, akakimbizwa katika hospitali moja mjini Thika, ambako madaktari walifanya yote yaliyowezekana, lakini alifariki tarehe 14 Oktoba, Jumanne, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, Kaluki akimshika mkono wa kulia na Wangechi wa kushoto. Alikuwa mtu aliyejua, pengine kuliko yeyote hapa nchini, mahali ubongo wa binadamu ulikotoka na njia ndefu uliyoipita mpaka kutufikia, na ujuzi huo haukumpunguzia siku moja ya mateso, wala haukumkinga mtoto wake. Tungependa kuwaambia kwamba ulisaidia kitu. Tumetafuta, hatukuona.

Marehemu ameacha mjane, Kaluki, binti, Wangechi, mkwe, Dismas, mjukuu, Nzisa, na dada, Njambi. Wangechi ameomba yafuatayo yasomwe kama alivyoyasema. Alipimwa mwezi wa Mei mwaka huu, na anao. Nzisa hawezi kupimwa, sheria za madaktari zinasema mtoto aachwe mpaka awe mtu mzima aamue mwenyewe, kwa hiyo habari yake hatuijui. Dismas ameijua hali yote na yuko hapa, amevaa tai aliyofungiwa na mkewe. Tafadhali, mkifika kutoa pole, msimwambie Wangechi kwamba Mungu atafanya njia, ameomba hivyo. Semeni pole tu.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka yote hiyo, hasa wale waliomwosha bila kumkemea alipowapiga kwa mikono isiyokuwa yake tena, kwa daktari wa kliniki, ambaye bado anajilaumu na hana sababu ya kujilaumu, kwa majirani wa Ruiru waliokuwa wakimwinua alipoanguka barabarani, na kwa wale waliopita kando wakidhani amelewa, nao hatuna kinyongo nao, hawakujua. Tunawashukuru walimu wenzake, wanafunzi wake, mafundi wa Witeithie waliofunga maduka yao leo, na kanisa hili, ambalo Jumapili iliyopita lilisoma jina la Mzee Maina wa Gachau miongoni mwa washiriki wake.

Wangechi ameomba pia kwamba historia hii isomwe Nzisa akiwepo. Tumemwambia kwamba mtoto hata miaka mitatu hajatimiza, hawezi kuelewa, atakumbuka tu maua na watu wengi. Amejibu kwamba anajua, na kwamba atamsomea tena akiwa na miaka minne, na mitano, na sita, mpaka asikumbuke siku aliyoambiwa.

Gichuru, shemeji yetu, lile neno limesemwa, mwanao amelisikia na mjukuu wako amelisikia. Hakuna tena anayekusubiri useme. Pumzika.